Kibanda cha bustani: cha kwanza kilioza, cha pili kimesimama

Kazi yangu ni kushona nguo. Nimekaa nyuma ya cherehani miaka 23, na anayetaka kufundishwa useremala wa makabati amebisha hodi mlango usio wake. Ila nimejenga vibanda viwili vya bustani kwa mikono yangu, vya fremu ya mbao, na tofauti kati ya kile cha kwanza na hiki cha pili ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Cha kwanza kilidumu miaka minne. Siku nilipokibomoa nilikuta misumari imeshika vizuri, paa halina neno, na nguzo zote ni nzima kuanzia usawa wa goti kwenda juu. Chini ya goti ndiko kulikokuwa na msiba. Mbao ilikuwa laini kama sifongo, unachoma bisibisi inazama hadi mpini. Nilikuwa nimelaza mbao za chini juu ya udongo mtupu, nikazipaka rangi, nikadhani rangi ni koti la mvua.

Kuvu inayoozesha mbao haiwezi kuishi kwenye mbao kavu. Inahitaji unyevu uzidi kama asilimia 20 ya uzito wa mbao yenyewe ikiwa kavu. Kwa hiyo kila utakaponiona nang'ang'ania jambo dogo hapa chini, iwe mwinuko, ukingo au upenyo wa hewa, ujue nafikiria maji: yanaingilia wapi na yanatokea wapi.

Vipimo kwanza

Kibanda changu kina urefu wa sentimita 240 na upana wa 180. Vipimo hivi vina siri yake. Chora mstatili wa 180 kwa 240, kisha pima kutoka pembe moja hadi pembe iliyo mbali nayo. Kama pembe zote ziko mraba, unapata 300 kamili. Anayetumia futi ana bahati ileile: 6 kwa 8, na ulalo wake ni 10. Ni ile kanuni ya mafundi ya 3, 4, 5, imekuzwa tu. Utapima ulalo huo kwenye msingi, utaupima tena kwenye sakafu, na mara zote mbili jibu ni namba moja rahisi kukumbuka hata ukiwa umechoka na jua limekuchoma kisogo.

Kabla hujachimba, uliza kwenye ofisi inayosimamia ujenzi ulipo. Sehemu nyingi haziwasumbui wenye vibanda vidogo, lakini huweka masharti ya kimo na umbali kutoka mpaka wa kiwanja. Hata kama hakuna sharti, acha sentimita 60 kati ya kibanda na uzio ili mtu apite na brashi na kopo la rangi. Kile cha kwanza nilikibandika kwenye uzio, na ukuta wake wa nyuma haukuona brashi tena maisha yake yote.

Halafu pima kitu kipana kuliko vyote unavyotaka kuviingiza ndani. Mlango wangu wa kwanza ulikuwa na sentimita 60. Toroli langu lina 66. Kwa miaka minne toroli lilinyeshewa nje, limeelekea kibanda chake.

Vifaa na mbao

Zana si nyingi: futi ya chuma, guni ya kupimia pembe mraba, pima maji ndefu, timazi (uzi wenye uzito wa kuonesha wima), msumeno mkali, nyundo, keekee ya umeme, patasi, kamba na vigingi. Msumeno wa umeme utakuokolea siku mbili hivi, lakini si lazima.

Kwa washonaji wenzangu nina neno moja: futi ya kitambaa ibaki kwenye kibweta cha nyuzi. Hurefuka kwa kuvutwavutwa. Yangu nilipoilaza kando ya futi ya chuma, alama yake ya 150 ilifika 151 na nusu. Kwenye gauni hiyo ni nafasi ya kupumua. Kwenye nguzo tano zinazotakiwa kubeba mbao moja iliyonyooka, ni balaa.

Fremu yote ni ya zile mbao zinazoitwa mbili kwa nne. Usiamini jina, zipime. Mbao ikishapigwa randa haibaki inchi 2 kwa 4 tena, na zangu zilikuwa na unene wa sentimita 4.5 na upana wa 9.5. Hesabu zote zinazofuata zinategemea namba hizo mbili. Zako zikitofautiana, badilisha hesabu kabla ya kushika msumeno.

Usikubali kufungiwa mzigo wa mbao ambazo hujazitazama. Inua ncha moja hadi usawa wa uso, fumba jicho moja, angalia ukingo wote kama anayelenga kwa manati. Mbao iliyopinda kidogo kama upinde inavumilika, utainyoosha ukiipigilia. Iliyojisokota kama nguo iliyokamuliwa irudishe, hakuna msumari utakaoishinda. Angalia na mafundo: fundo kubwa karibu na ukingo ni mahali pa kuvunjikia. Mbao mbichi pia ina tabia yake. Ikikauka husinyaa upana na unene, lakini urefu karibu haubadiliki. Nguzo uliyoikata mbichi itabaki na urefu wake, bali mbao za ukuta ulizozipanga mbichi, ukingo kwa ukingo, zitaachana hadi uone bustani ukiwa ndani.

Mbao zote za chini, yaani boriti, sakafu na mbao ya chini ya kila ukuta, zinunue zilizokwisha kutiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa haifiki katikati ya mbao, kwa hiyo kila ukikata unafungua mlango. Weka kopo la dawa na brashi pembeni, paka kila ncha iliyokatwa palepale. Ncha ndiyo inayokunywa maji kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu mirija ya mti imekatwa wazi hapo. Dawa nyingi za mbao zina shaba, na shaba hula msumari wa kawaida. Tumia misumari na skrubu zilizochovywa kwenye zinki, au za chuma kisichoshika kutu. Unapokata vaa barakoa, na vipande vinavyobaki usivichome wala kuvipikia. Moshi na majivu yake ni sumu.

Msingi, ambapo sikufanya haraka

Nilitumia wikendi nzima hapa, na shemeji aliyekuja kunisaidia alidhani tunachezea udongo.

Piga vigingi vinne, funga kamba, pima ulalo. Ukipata 300 pande zote mbili, pembe zako ziko mraba. Ukipata 302 upande mmoja na 298 upande wa pili, sogeza vigingi viwili vya upande mmoja pamoja, usisogeze kimoja kimoja, la sivyo utazunguka hadi magharibi. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi kwa kina cha sentimita 15, ukizidisha sentimita 30 nje ya kamba kila upande. Tandika kitambaa cha kuzuia magugu, mwaga kokoto, shindilia.

Juu ya kokoto panga matofali ya zege mahali tisa, mistari mitatu yenye matofali matatu kila mmoja. Yote yawe usawa mmoja. Pima maji peke yake haifai kwa umbali huu, hitilafu ndogo hukua ukihamisha. Njia ya mafundi ujenzi ni mpira mwembamba unaoonesha ndani: ujaze maji, shika ncha moja kwenye tofali la kwanza na nyingine kwenye tofali la mbali. Maji yatasimama usawa uleule ncha zote mbili, hata kama kuna kichuguu katikati. Hakikisha tu hakuna mapovu ya hewa ndani ya mpira, kwa maana povu moja linakudanganya bila aibu. Anzia tofali lililo mahali pa juu kabisa, mengine yapandishwe yafikie lile.

Kutoka kwenye udongo hadi mbao ya kwanza paachwe angalau sentimita 15. Hapa ndipo kibanda changu cha kwanza kilipofia. Nilikuwa nadhani mbao ya chini huloweshwa na unyevu unaopanda tu. Kumbe tone la mvua likianguka kutoka kwenye paa hupiga ardhi, likaruka na tope lake, likapaka ukuta, kila mvua, kwa miaka. Mwinuko unaipandisha mbao juu ya rasharasha hilo, na ile kokoto iliyozidi nje ya ukuta hulivunja tone lisiruke.

Kati ya kila tofali na boriti weka kipande cha karatasi ya lami au nailoni nzito. Zege hunyonya maji kama utambi wa taa. Kama kuna mchwa ulipo, badala ya nailoni weka kofia ya bati iliyochomoza na kukunjwa chini pande zote. Haiwaui. Inawalazimisha kujenga njia yao nje, mahali unapoiona ukiinama, na ndiyo maana chini ya kibanda paachwe wazi, pasizibwe na majani wala maboksi.

Sakafu

Boriti tatu za sentimita 10 kwa 10, kila moja ya 240, zikalie matofali. Juu yake fremu: mbao mbili za 240 pembeni, na kati yake mbao saba za 171 (ni 180 ukitoa unene wa mbao mbili), zikiachana sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati. Pima ulalo kabla ya kupigilia misumari ya mwisho. Juu piga plaiwudi ya milimita 18, na urefu wa karatasi ukatishe mbao za sakafu, usifuatane nazo. Kibanda ni chepesi kuliko kinavyoonekana na upepo mkali hukiinua kama mwavuli, kwa hiyo funga boriti ardhini kwa vyuma vilivyozamishwa kwenye zege, pembe zote nne.

Kuta

Hapa fani yangu ilinisaidia kweli. Mshonaji akitaka kukata mashati ishirini hachukui shati la kwanza apimie la pili, la pili apimie la tatu. Kila nakala hubeba kosa la iliyotangulia na kuongeza lake. Anakata kiolezo kimoja, anakiandika jina, na vyote hupimwa kwa hicho.

Nilipanga kibanda hiki makusudi ili urefu mmoja utumike mara nyingi. Ukuta wa nyuma una kimo cha 180. Toa mbao ya chini na mbao ya juu, nguzo inabaki 171, sawasawa na mbao za sakafu. Kuta za ubavuni nazo nimezijenga kwa kimo cha 180. Kwa hiyo: mbao saba za sakafu, nguzo tano za nyuma, nguzo nne kila ubavu, jumla vipande 20 vya sentimita 171. Kata kimoja kwa uangalifu wote ulio nao, andika KIOLEZO kwa penseli nyekundu, pimia 19 kwa hicho, na chenyewe kitumie mwisho kabisa.

Kuta za mbele na nyuma zina urefu kamili wa 240, na nguzo zake zinaachana 60. Za ubavuni hukaa katikati yao, kwa hiyo ni 161 (180 ukitoa upana wa nguzo mbili). Ukuta wa mbele una kimo cha 215, nguzo zake ni 206, na ndio wenye mlango. Niliacha uwazi wa sentimita 90. Juu ya uwazi weka mbao mbili zilizosimamishwa kwa ukingo na kupigiliwa pamoja, zikibebwa na viguzo vya 196.5 vilivyoshikana na nguzo ndefu kila upande. Mbao ya chini usiikate kwenye uwazi wa mlango sasa. Iache iushike ukuta usitanuke wakati wa kuuinua, uikate baadaye ukuta ukishasimama.

Kila ukuta unaundwa ukiwa umelala juu ya sakafu. Misumari ya inchi 4, miwili kila kiungo, kupitia mbao ya chini kuingia kwenye ncha ya nguzo. Msumari unaoingia kwenye ncha haushiki kama unaoingia ubavuni, kwa hiyo ongeza mwingine wa hanamu kila upande. Ukiona mbao inapasuka, geuza msumari, gonga ncha yake na nyundo iwe butu kidogo. Ncha butu huzikata nyuzi za mti, ncha kali huzitanua.

Sasa jambo ambalo ningependa kila anayejenga alielewe. Chukua kipande cha kitambaa cha pamba. Kivute kwa urefu, hakivutiki. Kivute kwa upana, hakivutiki. Kivute kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, kinarefuka mkononi mwako. Hakuna uzi unaopita upande huo, ndiyo sababu. Fremu ya mbao ni kitambaa hichohicho. Ina mbao za kusimama na mbao za kulala, na upepo ukiisukuma ubavuni inalala kama kadi, hata ungepiga misumari mia. Inataka uzi wa mshazari. Kila ukuta weka mbao inayopanda kutoka pembe ya chini hadi juu, ikikatiza nguzo. Nilizichonga nguzo kwa msumeno na patasi, kina cha unene wa ubao wa sentimita 2, ili mbao ya mshazari izame na ukuta ubaki sawa kwa kuvishwa. Ukiamua kuvisha kuta zako kwa karatasi nzima za plaiwudi huihitaji, maana karatasi yenyewe ni mshazari wa kila upande.

Kabla ya kupigilia mshazari, pima ulalo wa ukuta pande zote mbili. Ukuta wa nyuma, wa 240 kwa 180, utakupa tena 300. Kwa kuta nyingine jibu si 300, inatosha ziwe sawa. Ukikosea ukapigilia ukuta uliopinda, mshazari utaulinda upindavyo kwa uaminifu mkubwa.

Kuinua kunahitaji watu wawili. Anza na wa nyuma, uegemeze kwa mbao za muda, kisha ubavu mmoja, wa mbele, na ubavu wa mwisho. Tumia timazi pembeni kabla hujafunga viungo vya pembe, na egemeo usiliondoe hadi paa likae.

Paa

Paa la mteremko mmoja, kutoka mbele kwenda nyuma, linatosha kibanda. Kushuka sentimita 35 kwenye upana wa 180 kunatoa pembe ya nyuzi kama 11, ambazo bati huzimudu. Maji yadondokee nyuma, mbali na mlango.

Makombamoyo, yaani mbao za paa zinazotoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, ni matano, kila moja likae juu ya nguzo yake ili mzigo ushuke moja kwa moja. Ukitaka paa lichomoze sentimita 25 mbele na nyuma, utahitaji urefu wa kama 235. Lilaze la kwanza mahali pake, chora linapogusana na mbao za juu za kuta mbili, chonga pengo dogo la pembe likalie vizuri. Pengo lisizidi theluthi moja ya upana wa mbao. Hilo ndilo kiolezo cha mengine manne. Yafunge kwa vyuma vya kukunja, si kwa msumari peke yake, maana upepo hapa husukuma kwenda juu. Pembetatu zinazobaki juu ya kuta za ubavuni jaza kwa viguzo vifupi, ukipima kila kimoja mahali pake. Usijisumbue na hesabu.

Juu ya makombamoyo piga papi tano, yaani mbao za kukatisha zinazoshika bati, zikichomoza sentimita 15 kila ubavu. Bati la 240 linafika kutoka mwanzo hadi mwisho bila kiungo, likizidi kidogo nyuma ili tone lianguke wazi. Anza kulaza upande ambao upepo wa mvua hautokei, ili mdomo wa kila kiungo uupe upepo mgongo. Mteremko ukiwa mdogo hivi, bati lilale juu ya jirani yake kwa migongo miwili, si mmoja. Msumari wa bati hupigwa kwenye mgongo, kamwe si kwenye bonde maji yanapopita. Kukata, tumia mkasi wa bati. Jiwe la umeme huunguza zinki pembeni mwa mkato, na vumbi lake la chuma hunata juu ya bati likaanza kutu kabla kibanda hakijafikisha mwaka. Nilifurahi kushika mkasi, nakiri.

Kuvisha kuta

Kwanza karatasi ya kuzuia maji inayopitisha mvuke, kuanzia chini, ya juu ikilalia ya chini. Kisha mbao za ukuta, nazo kuanzia chini. Zangu zina upana wa 15 na kila moja inailalia ya chini yake kwa 3, kwa hiyo kinachoonekana ni 12. Tengeneza kijiti cha sentimita 12 cha kupimia, na kila mbao tatu hakikisha na pima maji. Ubao wa kwanza ushuke sentimita 3 chini ya fremu ya sakafu, na ukingo wake wa chini uukate kwa hanamu kuelekea ndani. Maji yakifika kwenye ukali huo huachia. Ukingo ulio bapa huyaruhusu kutambaa kurudi nyuma hadi kwenye fremu. Ukuta wa nyuma ulimeza mbao 16.

Sasa msumari. Piga mmoja tu kwenye kila nguzo, kama sentimita 3.5 kutoka ukingo wa chini wa ubao, ili upite juu kidogo ya ubao uliofunikwa, usiutoboe. Ubao hupanuka upana mvua ikinyesha na kusinyaa jua likiwaka. Ukiufunga juu na chini hauna pa kwenda, utapasuka katikati. Ni kama kushona bitana ya kitambaa ambacho hakijafuliwa: siku kitakaposinyaa, mshono ndio utakaolia. Jirani alipita akaniambia misumari ni michache. Nilimwacha apite.

Chini ya paa, kati ya makombamoyo, usizibe kabisa. Piga wavu wa matundu madogo, mbele na nyuma. Jembe linaloingia likiwa na tope huja na maji yake, na maji hayo yapate pa kutokea.

Mlango

Mbao sita za wima, mbao tatu za kulala nyuma yake, na mshazari. Watu wengi huweka mshazari kinyume. Uanzie chini upande wa bawaba, ukipanda kwenda juu upande wa komeo. Hivyo uzito wa upande wa komeo husukumwa na kushuka hadi bawaba ya chini, ambayo imeegemea nguzo. Wa kwangu wa kwanza ulielekea kinyume, na mwaka wa pili ulikuwa unalima kizingiti kila ukifunguliwa. Acha upenyo wa kama milimita 4 kila upande, zaidi kidogo kama unaujenga wakati wa kiangazi, kwa sababu mbao kavu itavimba mvua zikija. Bawaba ndefu, tatu, na zifungwe kwa boliti zinazopita hadi ndani, si skrubu fupi ambazo mwizi ana bisibisi yake.

Rangi au mafuta ya mbao paka makoti mawili siku kavu, ncha zote kwanza.

Mvua ya kwanza ilipokuja niliingia ndani, nikafunga mlango, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Juu kulikuwa kukavu. Nikatoka na tochi, nikainama kutazama chini ya boriti: kokoto zimelowa pembeni, katikati vumbi. Kisha nikaenda kulichukua toroli. Likafika mlangoni likagota. Upana ulikuwepo, lakini sentimita 15 za matofali, na boriti, na fremu, na plaiwudi, zimeipandisha sakafu karibu sentimita 36 kutoka ardhini, na hilo sikulifikiria hata siku moja.

Nikatengeneza mteremko wa mbao tatu nene wenye urefu wa mita moja na nusu, na vipande vya kukatisha juu ili mguu usiteleze. Ncha yake ya chini hugusa udongo, hakuna namna, na itaoza. Kwa hiyo usiupigilie kwenye kibanda. Uegemeze tu kwenye kipande cha chuma, upenyo wa kidole kutoka ukutani, ili uozo usipate daraja. Katika miaka tisa nimeshaubadilisha mara mbili.